Modeli ya panya au modeli ya jeraha?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafasiri muhtasari wa makala za tiba kwa wasomaji wa kawaida, na nimekwama kwenye sentensi hii: "Watafiti walitumia modeli za wanyama za jeraha la kiwewe la ubongo, na dawa inapunguza uvimbe." Mwenzangu ananishauri niandike "mifano ya wanyama". Lipi sahihi? Na je, watafiti wanapotofautisha aina mbili za panya, nifanyeje, maana sisi tuna jina moja tu?

JIBU: Marahaba. Kati ya hayo mawili, chukua "modeli", yaani kitu kinachoiga kingine ili kichunguzwe. Msomaji akikuta "mifano ya wanyama" atasubiri utaje simba, twiga na mbuzi. "Kielelezo" nalo lina kazi nyingine: ni mchoro kitabuni, au ushahidi unaoletwa mahakamani. Ila kubadili neno hilo peke yake hakutaiponya sentensi yako. Kasoro kubwa imo katika "-a" unganifu.

"-a" hiyo ina kazi nyingi. Kikombe cha udongo kimetengenezwa kwa udongo, kikombe cha chai hutiliwa chai, na kikombe cha Asha ni mali ya Asha. Likitanguliwa na "modeli", jina linalofuata "-a" huwa ndicho kitu kinachoigwa: modeli ya moyo ni umbo linaloonyesha moyo ulivyo. Basi "modeli ya panya" ni sanamu ya panya, labda ya plastiki. Maabara inayochunguza majeraha ya ubongo haina sanamu. Panya wake ni panya hai, na kinachoigwa ni jeraha analolipata mtu aliyeanguka au aliyegongwa na gari. Andika "modeli ya jeraha la ubongo kwa panya". Baada ya "-a" weka kinachoigwa, baada ya "kwa" au "katika" weka kiumbe au kitu kinachotumika. Kanuni hiyo hiyo inatosha hata pasipo mnyama: seli za neva zikioteshwa juu ya utando unaonyumbuka, kisha utando ukavutwa ghafla, hiyo ni modeli ya jeraha katika seli.

Ninausisitiza mpangilio huu kwa sababu unakulazimisha uulize: jeraha lipi? Hakuna modeli moja inayoiga yote. Kuna inayotumia pigo la kimiminika: bembea nzito hugonga pistoni ya silinda iliyojaa maji ya chumvi, na msukumo wake hufika kwenye utando wa ubongo kupitia tundu lililotobolewa kwenye fuvu. Kuna nyingine ambamo ncha ya chuma hugonga ubongo kwa kasi na kina vilivyopangwa kabla, na jeraha hubaki zaidi mahali palipogongwa. Katika modeli iliyoelezwa na mtafiti Marmarou na wenzake mwaka 1994, kitu cha gramu 450 huangushwa kutoka urefu wa hadi mita 2 juu ya kisahani cha chuma kilichobandikwa kwenye fuvu la panya. Hapo nyuzi za neva huumia sehemu nyingi kwa pamoja. Wapo pia wanaotumia wimbi la mlipuko. Ukiwa hapo, usiandike "modeli ya kudondosha uzito". Uzito ni sifa, haudondoki. Kinachodondoka ni kitu kizito.

"Kiwewe" liondoe kabisa. Linazidi kuenea katika tafsiri za mashine na linapotosha. Kiwewe ni hali ya kuchanganyikiwa kwa hofu au mshtuko, yaani jambo la nafsi. Jeraha unaloliandikia limeletwa na nguvu iliyotoka nje ya mwili, tofauti na madhara ya kiharusi, ambayo chanzo chake kimo ndani ya mishipa ya damu. Mara ya kwanza andika "jeraha la ubongo litokanalo na pigo au mtikiso", kisha endelea na "jeraha la ubongo" tu. Na mnyama mwenyewe wakati wa kupigwa kwa kawaida huwa amelazwa kwa nusukaputi. Usiseme "ganzi", kwani wengi wanaielewa ganzi kuwa ni ya mahali pamoja, kama ya kung'olewa jino.

Sasa "inapunguza". Kwangu hili ndilo kosa zito kuliko yote. Ukiandika "-na-", unatangaza jambo la jumla: dawa hufanya kazi, kwa yeyote. Watafiti waliona uvimbe ukipungua kwa wanyama wale, katika jaribio lile. Andika "ilipunguza uvimbe kwa panya hao". Projesteroni, homoni ya uzazi iliyojaribiwa kama dawa, ilipunguza uvimbe wa ubongo katika majaribio mengi ya wanyama, lakini majaribio mawili makubwa kwa wagonjwa, yaliyochapishwa mwaka 2014, hayakuona faida yoyote kuliko dawa bandia, yaani ile isiyo na tiba ndani yake, inayotolewa kwa ajili ya kulinganisha tu. Ndugu wa mgonjwa aliyesoma "inapunguza" angekuwa ameahidiwa kitu kisichokuwapo. Sababu za kushindwa huko zinajadiliwa hadi leo. Mojawapo inayotajwa ni kwamba ubongo wa panya hauna mikunjo kama wetu, ndiyo maana baadhi ya watafiti hutumia nguruwe, ambao ubongo wao unayo.

Andika pia "panya waliojeruhiwa", si "waliopata jeraha". Hawakupata ajali. Jeraha lilisababishwa kwa makusudi, kwa lengo la kutafuta tiba, na msomaji ana haki ya kulijua hilo ili apime mwenyewe.

Kuhusu jina, neno "panya" linawabeba wote wawili. Sema "panya wakubwa wa maabara" na "panya wadogo wa maabara", na mara ya kwanza ambatanisha jina la kisayansi: Rattus norvegicus kwa wakubwa, Mus musculus kwa wadogo. Usikimbilie "panya buku". Huyo ni mnyama mwingine kabisa, yule anayefundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Na iwapo makala unayoifasiri haikutaja aina, bakisha "panya" bila nyongeza.