Kwa dogo aliyechaguliwa kusoma tiba ya mionzi Muhimbili: majibu kutoka chumba cha mashine

Dogo aliyeanzisha uzi kachaguliwa Muhimbili kusoma shahada ya tiba ya mionzi, yaani kutibu saratani kwa mionzi. Anauliza kama kozi ni ngumu, mafunzo kwa vitendo yakoje, na kama ni kweli mionzi itamfanya asizae, maana shangazi yake ameshaanza kumlilia. Wengi mmemjibu habari za mkopo na hosteli. Mimi hii ndiyo kazi yangu hapa Dar, na wanafunzi wa vitendo hupita mikononi mwangu kila mwaka, kwa hiyo ngoja nichangie.

Tuanze na shangazi. Mwambie mashine inapowaka wewe hupo chumbani. Uko nje, nyuma ya ukuta mnene wa zege, unamtazama mgonjwa kwenye kamera na kumsikia kwa spika. Kifuani unavaa kibeji cha kupimia mionzi, na kinasomwa mara kwa mara. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, na kwenye idara inayofuata taratibu hutakikaribia. Mimi nina watoto, na ada zao zinaniumiza kuliko mionzi. Na kwa mabinti mnaosoma hapa: ukipata ujauzito, toa taarifa mapema ili upangiwe kazi inayofaa.

Darasani utakutana na fizikia, anatomia na baiolojia ya mionzi. Ukikaza unapita. Ila hesabu za mkono usizikwepe kwa kisingizio kwamba kompyuta inafanya yote. Kobalti-60, chuma chenye mionzi kinachokaa ndani ya baadhi ya mashine kama chanzo, nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka 5.27, karibu asilimia moja kwa mwezi. Mgonjwa aliyekuwa akichukua dakika mbili chanzo kikiwa kipya, baada ya miaka mitano na kitu anachukua dakika nne kwa dozi ileile. Mwanafunzi aliyewahi kukokotoa hayo kwa kalamu akiona kwenye skrini namba isiyoeleweka anashtuka. Ambaye hajawahi anabonyeza tu.

Tangu mashine za linaki, zinazotengeneza mionzi kwa umeme, ziingie Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, mwaka 2018, vijana wengi kobalti wanaiona ya kizee. Linaki umeme ukikatika na mionzi inakatika papo hapo. Kobalti haizimwi, hurudishwa kwenye ganda lake la kuzuia mionzi tu, na ndiyo maana tunafanya zoezi la chanzo kilichokwama: nani anaingia, anapita upande gani ili asikatize mbele ya mionzi, mgonjwa anatolewaje haraka, mlango unafungwa, watu wa fizikia tiba (wanaosimamia vipimo vya mashine na dozi) wanaitwa. Hata kama hutaigusa kobalti maisha yako yote, zoezi hilo lifanye.

Sasa vitendo, na hapa ndipo nawajua wanafunzi. Kubonyeza kitufe kunafundishika mapema sana. Kumlaza mgonjwa ndiyo kazi yenyewe.

Chukua mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, maana hao ndio utakaowaona zaidi. Ana vidoti vitatu vya wino, kimoja mbele na viwili ubavuni, na mistari ya leza kutoka kutani na darini inatakiwa ivipate vyote. Mwanafunzi mgeni akiona kidoti cha kulia kimepishana na mstari kidogo, anaikamata ngozi na kuivuta. Ngozi inakuja, nyonga inabaki palepale. Leza zinakaa vizuri kabisa, mfupa umepinda. Kinachotakiwa ni kushika shuka alilolalia, wewe huku mwenzako kule, mkamviringisha taratibu mpaka nyonga ikae sawa, halafu ndipo mtazame vidoti. Na umwambie asiwasaidie! Wagonjwa wetu wana adabu, ukimgusa tu anajisogeza mwenyewe.

Kuna kibofu pia. Kwa mionzi ya nyonga tunataka kimejaa, ili utumbo mdogo usogee juu ukae mbali na mionzi. Ukimuuliza "Mama, umekunywa maji?" atajibu ndiyo, wote hujibu ndiyo. Muulize mara ya mwisho kwenda msalani ilikuwa saa ngapi. Foleni ikichelewa anabanwa, anakwenda, anarudi kimyakimya akiogopa kupoteza zamu yake.

Jina hali kadhalika. Usimwambie "Wewe ndiye Asha Salumu?" Mwache ataje mwenyewe majina yote, kisha ulinganishe na picha iliyo kwenye faili. Akina Asha Salumu mjini hapa wamejaa.

Halafu dogo, wewe ni mtoto wa kiume na huyo mama ni umri wa bibi yako, anafunguliwa khanga mbele yako. Shikamoo kwanza, jina lako, unachotaka kufanya, ndipo mkono. Funua panapohitajika tu na ufunike mara ukimaliza. Nimeona mwanafunzi mwenye alama za juu darasani anasema "panda, lala, usitikisike," basi. Huyo sikumsainia kitabu chake cha vitendo mpaka alipobadilika, na akininunia poa tu.

Mwenzenu mmoja hapo juu kasema daktari ndiye anayemjua mgonjwa. Kwa matibabu ni kweli, yeye ndiye anayeandika dozi. Lakini huyo mama akipangiwa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, daktari humwona kliniki labda mara moja kwa wiki. Wewe unamwona kila siku. Wewe ndiye utakayegundua kwamba ameanza kuharisha, ngozi imechubuka, au jana hakuja. Saratani hii inatakiwa mionzi ya nje na ile ya ndani (chanzo kinaingizwa mwilini karibu na uvimbe) viishe ndani ya wiki nane hivi, kila siku inayopotea inaupa uvimbe nafasi. Ukimkuta katoka Lindi kafikia kwa mdogo wake Mbagala na hajaja siku mbili, usimgombeze. Muulize nauli. Mara nyingi jibu ni hilo, na idara ya ustawi wa jamii ipo, mpeleke mwenyewe badala ya kumwonyesha mlango kwa kidole.

Wengine shida si nauli. Wameambiwa nyumbani kwamba mionzi ya mashine inaambukiza, mjukuu asipakatwe. Mwambie mionzi ya nje haibaki mwilini, akashike mjukuu wake leo jioni. Ikibidi uongee na mwanawe kwa simu, ongea naye.

Kuhusu mambo ya mpango wa matibabu kwenye CT-scan na kompyuta sitaenda mbali, wapo humu watu wa fizikia tiba watakueleza vizuri kuliko mimi. Ukiripoti chuoni omba kuingia wodini na kliniki mapema, hata kama ratiba ya mwaka wa kwanza haijasema.