Maswali yenu: vijana wenye uchovu sugu, na hii michango

Toka nigusie ugonjwa wa uchovu sugu, ule wenyewe wanauita ME, meseji zimekuwa nyingi, karibu zote za Waswahili wa Uingereza au wenye ndugu huko. Nachukua chache.

Binti yangu ana miaka 14, mwaka jana aliugua ile homa ya tezi ya kirusi cha Epstein-Barr, toka hapo shule anaenda siku mbili kwa wiki akijitahidi. Vipimo vyote safi. Shangazi zake wanasema anadeka. (Mama, Leicester)

Pole sana mama. Huu ugonjwa hauna kipimo cha damu, wanachopima ni kuondoa vingine kama upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo. We muangalie kitu kimoja tu: akijishughulisha kidogo, si lazima aanguke palepale, kesho yake au keshokutwa ndo anaanguka, kichwa kizito, mwanga unamuumiza, analala masaa kumi na anaamka kachoka vilevile. Mtoto anayedeka ukimwambia twende kuogelea anapona hapohapo, huyu anaenda kwa furaha kabisa alafu analipia siku tatu kitandani, waambie hilo mashangazi. Mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi inayoelekeza madaktari wa Uingereza, unasema mtoto anaweza kushukiwa baada ya wiki 4 na kuthibitishwa ikifika miezi 3, kwa hiyo mbane GP (daktari wenu wa mtaani) ampeleke kwa daktari wa watoto. Na akikosa shule siku 15 kwa ugonjwa, council, yaani halmashauri yenu, ndo inatakiwa impangie masomo, waandikie barua, simu hazina ushahidi. Kuna pia DLA, posho ya serikali kwa mtoto mgonjwa au mlemavu, haiangalii mshahara wenu, ila kama viza inawakataza fedha za umma msijaze fomu kabla ya kuongea na mwanasheria.

Dokta ananiambia nijikaze, niongeze mazoezi kidogokidogo kila wiki. (Kijana, miaka 19)

Hiyo ya kuongeza kila wiki kwa ratiba, utake usitake, iliondolewa kwenye mwongozo huohuo wa 2021. Mpelekee auone. Sa hivi kinachoshauriwa ni kujipimia, yaani unaacha kabla hujachoka, na kuacha kuoga leo nayo ni sehemu ya mpango.

Tunataka kumchangia mdogo wetu apelekwe kliniki moja nje, wanasema wanaponya kabisa. Tumefungua grupu la WhatsApp, ahadi ni nzuri. (Kaka mtu, Reading)

Kaka, simamisheni kwanza. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya ME, na mtu mgonjwa vile kumpandisha ndege tu kunaweza kumrudisha nyuma miezi. Hela za ukoo zikiliwa na kliniki, mwakani hamtapata mara ya pili, mnawajua watu wetu. Changeni kwa vitu vinavyompunguzia kazi mwili: kiti cha kuogea, kiti cha magurudumu cha kumfikisha hospitali, mapazia mazito, vizuia kelele vya masikioni, mtu wa kupika mara mbili kwa wiki, kodi ya nyumba kwa miezi ambayo mama yake hataenda kazini. Wekeni bei ya kila kitu kwenye grupu, mtu akiona pauni 40 za kiti anatoa, akiona "matibabu" anajibu "tuko pamoja" anapotea.

Alafu msiziingize kwenye akaunti yake. Kama anapokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, akiba ikipita pauni 6,000 wanaanza kumkata, ikipita 16,000 wanamfuta. Nunueni vitu wenyewe, mweka hazina apige picha risiti.

Tunakimbia tarehe 12 Mei kuchangia shirika la ME, je na ndugu yetu mgonjwa aje awatie watu moyo? Wengine washaanza kusema mbona kwenye harusi alionekana anacheka. (Binamu, London)

Tarehe mmechagua vizuri, ndo siku ya ME duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale. Kimbieni nyie. Mkichangia shirika lililosajiliwa, wanaolipa kodi Uingereza watiki Gift Aid, yaani serikali inalirudishia shirika kodi ya mchango huo, pauni 10 inakuwa 12.50 bila mtu kuongeza hata senti, lakini hiyo haifanyi kazi kwa mchango wa mtu binafsi, msije mkawadanganya watu bila kujua.

Yeye abaki nyumbani. Hata video ya kushukuru msimwombe, kuvaa, kukaa wima, kurudia mara nne kwa sababu simu ilitetemeka, hiyo ni siku yake nzima. Na hao wa harusi wanaoulizana kwenye grupu walimwona kwa saa moja tu. Hawakuona alivyopumzika siku nne kabla, wala siku ya pili yake mama anamlisha uji kwa kijiko chumba giza. Akikubali yeye mwenyewe, mmoja wenu aandike hivo kwenye grupu, kwa maneno machache, na mjadala wa harusi ufungwe.