Ukitaka kuona vyura Arabuko subiri mvua, na champali ziache nyumbani

Kila nikipata wageni hapa Malindi swali ni lilelile, je tutaona nyoka? Mi huwaambia, kama shida yenu ni nyoka nendeni Bio-Ken pale Watamu, lile shamba la nyoka aliloanzisha James Ashe mwaka 1980, wako nyuma ya kioo utawaangalia mpaka uchoke. Msitu wa Arabuko-Sokoke uendee vyura. Nyoka wa msituni anahisi hatua zako toka mbali, ukifika pale yeye kashajiondokea zake kitambo.

Sasa kosa langu mimi la kwanza lilikuwa kwenda Februari, kiangazi kimewaka, majani chini yanalia kama chapati kavu. Masaa manne nazunguka na nilichokiona cha kueleweka ni mjusi kafiri mmoja kwenye ukuta wa choo. Nikarudi nanuna.

Nenda masika, Aprili au Mei, siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza, na ufike jioni jua likianza kuzama. Panga mapema na watu wa KWS, wale wa shirika la wanyamapori la Kenya, na uwe na mwongozaji, usiingie peke yako usiku, mle ndani kuna ndovu na nyati na hao hawana mzaha. Halafu tafuta dimbwi moja tu, zima tochi, usimame. Watu hawawezi kusimama, hilo ndo tatizo, wanataka watembee kilomita kumi wakati vyura wote wako pale mbele yao wanapiga kelele.

Angalia matawi yaliyoinama juu ya maji. Utaona kitu cheupe kimening'inia kama povu la sabuni mtu kalisahau, mimi nilidhani ni uchafu kweli. Kumbe ni kiota. Chura jike anatoa majimaji wanayapigapiga kwa miguu ya nyuma, yeye na madume kadhaa wamemng'ang'ania, mpaka yanaumuka povu na mayai yamo humo ndani. Nje linakauka linakuwa gumu kidogo, ndani bichi. Baada ya siku chache viluwiluwi wanadondoka kimoja kimoja, top, top, moja kwa moja dimbwini. Nililigusa kwa kidole mara moja nikagombezwa na mwongozaji, na alikuwa sawa.

Ukirudi mulika ncha za matawi. Kinyonga akilala usiku rangi yake inapauka, kwenye tochi anaonekana mweupe mpaka raha, mchana ungempita mara mia. Na tafadhali msimpige mawe, hana sumu wala mkosi.

Viatu sasa. Mwaka mmoja nilienda na champali kwa ujeuri tu, mwongozaji akanishika bega nikiwa mguu juu. Nyoka, kifutu, kajilaza katikati ya njia, mnene kama mkono wangu, katulia kabisa. Huyu ndo wa kuogopa manake yeye hakimbii kama wenzake, anategemea usimuone. Tangu siku ile mi ni gambuti na suruali ndefu.

Mtu akiumwa na nyoka usimkate, usinyonye, usimfunge kamba ya kubana, na habari za jiwe la nyoka, lile la kubandika kwenye jeraha, achana nazo, linakupotezea muda tu. Vua pete na saa kabla hajavimba, mguu utulie, asitembee, mpeleke hospitali mbio. Nyoka mwache aende.

Juzi nikawa nafuta picha simu ipate nafasi, nikakuta moja ya ile Februari yangu ya kununa. Kuna tawi, na juu yake kitu cheupe nilichodhani ni kinyesi cha ndege. Nikaivuta karibu. Ana macho. Ni yuleyule chura wa povu, kiangazi hukaa hivyo hivyo juani anageuka mweupe ili asikauke, na mimi nilisimama chini yake nalalamika hakuna kitu.