Kabla hujaipa dunia kisogo

Kama umechoka na unawaza kuacha kazi, kuzima simu, kuwaaga watu uende ukakae peke yako mahali pa kimya umtafute Mungu, naomba unisikilize kwanza. Hilo wazo nimekaa nalo sana kipindi namuuguza mama nyumbani, alipooza upande mmoja, na ndo kipindi hichohicho nilikuwa nasoma Bhagavad Gita na Upanishad, maandiko matakatifu ya Wahindu, kila usiku nikishamlaza.

Wengi wanaona picha za masanyasi wa India wamevaa nguo za rangi ya machungwa, hawana nyumba hawana mke, wanasema basi kuiacha dunia ndo huko. Ni njia ya heshima na siibezi hata kidogo. Ila kwenye Gita, Krishna, ambaye ni Mungu, akiongea na mpiganaji Arjuna pale uwanja wa vita, anasema kwenye sura ya 3 kwamba anayezuia viungo vyake visifanye kitu huku moyoni anawaza yaleyale anajidanganya, na sura ya 18 anaongeza kwamba ukiacha wajibu wako kwa sababu ni mzito na unaogopa mwili kuteseka, huko kuacha hakukupi kitu. Mfalme Janaka anatajwa humo kwamba alifikia ukamilifu akiwa kazini kwake kabisa.

Kinachotakiwa kuachwa ni matunda ya kazi, na matunda siyo hela tu jamani. Kwangu tunda lilikuwa pole. Saa nane usiku naamka kumgeuza mama asipate vidonda, nabadilisha shuka, nampaka mafuta kwenye nyonga, nikimaliza tu mkono unaenda kwenye simu kuangalia grupu la familia kama kuna ndugu kaandika chochote, na kama hamna kifua kinabana mpaka asubuhi. Kumgeuza mama hakukunichosha kama lile deni nililokuwa nawaandikia ndugu zangu moyoni.

Aliyenisaidia ni Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa India. Huyu aliondoka nyumbani kwao Madurai mwaka 1896 akiwa na miaka 16, akaenda mlima Arunachala pale Tiruvannamalai, hakutoka tena mpaka anafariki 1950. Ungetegemea mtu kama huyo awaite wote mlimani, lakini wenye familia waliomuuliza kama waache nyumba zao hakuwashauri hivyo, manake akili inayokusumbua utaenda nayo hukohuko msituni. Alichowapa ni swali, mimi ni nani?

Basi nikawa nafanya hivi, nikishamgeuza mama, kabla ya kugusa simu nakaa pembeni ya kitanda najiuliza nani anataka hii pole, jibu linakuja mimi, haya, huyo mimi ni nani? Usihangaike kutafuta jibu la maneno. Kaa nalo tu, utaona kuna hasira, kuna uchovu, na kuna anayeviona vyote hivyo na yeye wala hachoki. Mundaka Upanishad inasimulia ndege wawili kwenye mti mmoja, mmoja anakula matunda, mwenzie anatazama tu. Kwa mafundisho ya Advaita, yanayosema uhalisia ni mmoja tu, hakuna viwili, yule anayetazama ndo Atman, nafsi ya ndani kabisa, na ni ileile moja kwa kila kiumbe.

Na usidhani utakuwa mkavu. Yajnavalkya, mwenye hekima wa kwenye Upanishad, alipotaka kuondoka nyumbani alimwambia mkewe Maitreyi kwamba mume hapendwi kwa ajili ya mume, anapendwa kwa ajili ya Nafsi. Mama yangu kuna siku alikuwa hanitambui hata jina, na hayo maneno ndo yaliyonifanya nimlishe uji kwa upendo uleule, manake anayeona ndani yake na anayeona ndani yangu hawajawahi kuwa wawili.

Wala usikae kimya ukaita huo ndo utulivu wa kiroho. Mimi niliandika kwenye grupu kuomba mchango wa dada wa kunisaidia mchana, nikataja na kiasi, wengine wakatuma wengine hawakutuma, kazi ikaendelea.

Wewe anza na kazi moja, ile inayokukera kwa sababu hakuna anayeiona, ifanye vizuri wiki nzima bila kumsimulia mtu, na hasira ikipanda uliza lile swali palepale ukiwa na beseni mkononi, usisubiri mpaka upate nafasi ya kukaa kutafakari.