Anza na oili, kompyuta baadaye

Vijana wa uhandisi huniuliza watumie programu gani ya ujifunzaji wa mashine (kompyuta inayojifunza kutokana na data) ili beringi za injini zisilike mapema. Mimi nashughulika na jenereta za dizeli, na jibu langu huwaudhi: anza na oili.

Beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni) na krankshafti (shafti kuu ya injini) hazina gololi. Shafti huelea juu ya utando wa oili ambao, mzigo ukizidi, huweza kuwa mwembamba kuliko maikromita moja. Beauchamp Tower alipima shinikizo la utando huo Uingereza mwaka 1883, na Osborne Reynolds akatoa hesabu yake 1886. Utando ukikatika, hasa wakati wa kuwasha, metali hugusana.

Sasa, data ya mitetemo ambayo karibu kila mwanafunzi huipakua, ile ya Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, ni ya beringi za gololi kwenye mota ya umeme, na kasoro zake zilitengenezwa makusudi. Kujifunzia inafaa. Ila wengi huikatakata rekodi moja, vipande vingine vya kufundishia modeli (programu inayotabiri), vingine vya kuipimia, kisha wanashangilia usahihi wa asilimia 99. Huo ni mtihani uliovuja! Gawa kwa injini: jenereta iliyofundisha modeli isiwemo kwenye kipimo.

Kwangu faida ilitoka kwenye majibu ya maabara yanayoonyesha chembe zilizoingia kwenye oili: risasi, bati na shaba za beringi, chuma cha shafti na silinda, na silikoni, ambayo mara nyingi ni vumbi. (Jua kwanza beringi zako ni za aina gani, nyingi za siku hizi hazina risasi, zina alumini na bati.) Ongeza joto na shinikizo la oili, mzigo, na mara ngapi injini imewashwa. Modeli ya miti ya maamuzi, inayoamua kwa mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana, inatosha. Usiipe namba ghafi, ipe kiasi cha metali kwa kila saa tangu oili ibadilishwe.

Modeli peke yake haipunguzi msuguano hata kidogo. Silikoni ikipanda pamoja na metali za beringi, kagua filta ya hewa kabla ya kufungua injini. Shinikizo likichelewa kupanda asubuhi, tazama uzito (unene) wa oili na filta yake. Na fundi wa zamu aandike kila lita anayoongeza, la sivyo oili mpya itapunguza makali ya namba na modeli itakwambia beringi zimepona.