Filimbi Mkononi: Wasomaji wa Lubumbashi Wanauliza

Jambo yenu. Hapa Katuba tunaandaa mashindano ya mpira wa miguu ya siku moja, timu nne, kutafuta karo ya yatima wa mtaa. Wachezaji kadhaa wa kulipwa wamekubali kuchanganyika na vijana wetu. Mwamuzi alegeze sheria, maana ni mchezo wa hisani? – Katibu wa kamati, Katuba

Alegeze kwenye taratibu, akaze kwenye rafu. Kamati nyingi hufanya kinyume chake.

Hatari ya mechi hizi haitoki kwa nyota. Inatoka kwa kijana wa mtaa anayetaka watu waseme kesho sokoni kwamba yeye ndiye aliyemzima. Nyota ameshatoa pasi, kijana anafika amechelewa, meno ya kiatu yako juu, na kifundo cha mtu anayekula kwa miguu yake kinaumia. Rafu ya kwanza ya namna hiyo ipulizwe palepale, hata ikiwa dakika ya pili. Vipimo ni vilevile vya ligi: uzembe ni pigo huru tu, kutojali usalama wa mwenzako ni kadi ya njano, nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Mkishaacha moja “kwa sababu ni sherehe”, ya pili itakuwa kubwa zaidi.

Sasa kulegeza. Sheria zenyewe zinaruhusu mashindano ya ngazi ya mtaa kufupisha muda, kumrudisha uwanjani mchezaji aliyekwisha kutoka, na kumtoa mtu kwa muda badala ya kadi ya njano kubaki maandishi tu. Muda wa kukaa nje huwa asilimia 10 hadi 15 ya mechi nzima. Mkicheza dakika 20 kila kipindi, jumla 40, basi ni dakika 4 hadi 6, chagueni 5. Hasira inapoa, na watazamaji hawampotezi waliyemlipia tiketi. Yote haya yaandikwe kwenye karatasi moja na manahodha waitie sahihi kabla ya siku yenyewe. Pale uwanjani, kila mtu ana sheria yake.

Kila timu ikicheza na kila nyingine, ni mechi 6, yaani saa nne za mpira bila kuhesabu mapumziko. Kwa uwanja mmoja ni nyingi mno. Chezeni nusu fainali mbili, mshindi wa tatu, kisha fainali. Tafuteni waamuzi sita, watatu kwa watatu, wapokezane. Mwamuzi wa kati aliyechoka huacha kukimbia, na asiyekimbia huona rafu kwa mbali. Hesabuni nyuma kutoka saa kumi na moja na nusu jioni, maana Juni na Julai hapa kwetu giza halingoji mikwaju ya penalti.

Na jezi: msivalishe timu moja nyeusi na nyeupe, nyingine njano na bluu. Hapo mmeita watu kwenye Mazembe na Lupopo, klabu mbili mahasimu za jiji letu, na yatima watasahaulika kabla ya mapumziko.

Mgeni wa heshima anataka kuanzisha mpira. Inawezekana? – Msomaji, Kamalondo

Inawezekana. Apige, apigiwe makofi, atoke. Mpira urudishwe katikati, mwamuzi ahesabu wachezaji tena, ndipo apulize. Pigo la mgeni si sehemu ya mechi.

Nyota akikataa kuvua hereni na cheni, tuzifunike kwa plasta? – Kiongozi wa timu, Ruashi

Hapana. Vito vyote vivuliwe. Kuvifunika kwa plasta hakuruhusiwi, hata pete ya ndoa. Mwamuzi akague njiani kuelekea uwanjani, si baada ya watu kupiga picha, na apitishe kiganja chini ya kila kiatu. Kwenye udongo wetu mkavu, meno ya chuma hulika na kubaki na ncha inayokata kama wembe. Vikinga ugoko ni lazima kwa wote. Mara nyingi wachezaji wa kulipwa ndio wanaokuja bila, wakidhani ni kujifurahisha tu.

Tukiwa kwenye udongo: mistari msiichore kwa chokaa ambayo haijazimwa kwa maji. Huunguza ngozi na macho ya anayeanguka. Mpira nao uwe na upepo wa kati, kama atm 0.7 au 0.8 kwenye kipimo cha upepo; sheria inaruhusu kutoka 0.6 hadi 1.1, lakini uliojaa sana hudunda juu ya vichwa vya watu.

Fainali ikiisha sare, penalti zinaendeshwaje? Mwaka jana watu nusura wapigane. – Msomaji, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Sarafu hurushwa mara mbili: kwanza kuchagua goli, kisha nani aanze. Timu iliyopungukiwa watu isipigwe hila: nyingine ipunguze idadi hadi walingane. Msaidizi mmoja asimame kwenye mstari wa goli, panapokutana na mstari wa eneo dogo. Mwingine abaki na wachezaji kwenye duara la kati. Mabishano huzuka pale watu wanapoachwa wazurure. Kipa awe na walau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, au usawa wake, mpira unapopigwa. Mpigaji akiteleza, mpira ukagusa mguu wake wa pili bila kukusudia na kuingia, hurudiwa, usipoingia, amekosa.

Klabu ya mchezaji ijulishwe? – Msomaji, Kampemba

Ndiyo, kwa barua, na jibu liwe mkononi kabla hamjabandika jina lake ukutani. Barua itaje nani atalipa hospitali akiumia. Mwamuzi wa ligi naye aiombe ruhusa kamati yake.