Ghaithi, Gaiti au Ghaidhi? Jina moja, maana mbili zinazogombana

SWALI: Tumejaliwa mtoto wa kiume hapa Tukuyu. Babu yake mzaa baba, Mwislamu wa Kyela, amempa jina ambalo anasema ni la Kiarabu na maana yake ni mvua. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa "Gaiti". Shemeji yangu anaandika "Ghaith". Sisi wenyewe tuliandika "Ghaidhi", na jirani aliyesoma madrasa akatuuliza kwa nini tunamwita mtoto hasira. Upande wangu ni Wamoraviani, nao wanauliza kama jina hili ni la Waislamu peke yao. Maana yake hasa ni ipi, na tuandike lipi kwenye cheti cha kuzaliwa? (Mama wa mtoto, Tukuyu)

JIBU: Hongereni sana. Babu hakukosea, na jirani naye hakukosea. Kila mmoja anasema neno lake la Kiarabu, na maneno hayo mawili yanatofautiana kwa sauti ya mwisho tu. Sauti hiyo ndiyo iliyopotea njiani kati ya kinywa cha babu na karatasi yenu.

Jina alilokusudia babu kwa Kiarabu huandikwa غيث: ghaini, ya, tha. Maana yake ni mvua, lakini si mvua yoyote inayonyesha. Neno la jumla la mvua katika Kiarabu ni matar. Ghaith ni ile mvua iliyongojewa, inayokuta ardhi imekauka na watu wameanza kuhesabu magunia yaliyobaki, ikaokoa mazao na mifugo. Waarabu wa kale waliliita kwa neno hilohilo hata lile jani bichi linaloota baada yake. Kwa hiyo ukitafsiri "mvua" tu, umetoa nusu ya maana. "Mvua ya neema" inakaribia zaidi. Kwa Kinyakyusa mtasema ifula, lakini hilo nalo ni la mvua zote.

Kurani inalitumia neno hili mahali patatu. Sura ya 31, aya ya 34, inasema Mungu ndiye anayeiteremsha. Sura ya 42, aya ya 28, inaongeza kwamba huiteremsha baada ya watu kukata tamaa, na hapo maana ya jina iko wazi kabisa. Sura ya 57, aya ya 20, inataja mvua ambayo mimea yake inawafurahisha wakulima. Neno lililotumika hapo kwa wakulima ni kuffar, ambalo wafasiri wengi wanalieleza kuwa ni watu wanaofunika mbegu kwa udongo, kwa kuwa asili ya neno hilo ni kufunika. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, aliona tofauti hii mapema: alisema Kurani hutaja matar panapozungumzwa adhabu. Ndiyo maana hata kwa msikilizaji wa Kiarabu wa leo, ghaith lina joto ambalo matar halina.

Yawezekana babu amelisikia neno hili si kwenye majina bali kwenye dua. Mvua ikichelewa, Waislamu husali swala ya kuomba mvua, na moja ya dua zake huanza hivi: Allahumma asqina ghaithan mughithan, yaani, Ee Mwenyezi Mungu, tunyweshe mvua yenye kuokoa. Kwa mtu wa Rungwe, ambako baadhi ya maeneo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na migomba haijui kiu, jina hili linaweza kuonekana la kawaida. Mpelekeni mtoto Ismani kule Iringa, au upande mkavu wa Usangu, mwezi Desemba wakati mahindi yanangoja na wingu linapita tu. Huko hakuna atakayeuliza kwa nini mtoto ameitwa hivyo.

Sasa hilo la hasira. Kiarabu kina neno jingine, غيظ, ambalo kwa herufi zetu ni ghaidh. Hilo ni hasira kali inayochemka kifuani. Sura ya 3, aya ya 134, inawasifu watu wanaoizuia ghaidh yao, na hapo ndipo jirani yenu alipolisoma. Kosa lenu la kuandika dh badala ya th limegeuza mvua kuwa hasira. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: dh ya ghadhabu, th ya thawabu.

Maneno mengine yanayofanana nayo yasiwachanganye. Ghaibu ni mambo yaliyofichika. Ghauthi ni msaada kwa aliyezidiwa, na Ghiyathi ni mwokoaji au uokovu wenyewe. Haya mawili yanatoka kwenye mzizi jirani, gh-w-th, na maana zake zimezoeana na ile ya mvua kiasi kwamba ile dua imeweza kuyaweka pamoja ghaith na mughith. Ghiyathi lina historia ndefu: Umar Khayyam, mshairi na mwanahisabati wa Uajemi aliyezaliwa mwaka 1048, alipewa lakabu ya Ghiyath al-Din, na al-Kashi, mwanahisabati aliyekokotoa pai hadi tarakimu 16 baada ya nukta mwaka 1424, alikuwa nayo pia.

Wamoraviani wa ukoo wako wana mfano mzuri wa kushika. Mshairi mashuhuri wa ikulu ya Dameski katika enzi ya Bani Umayya (ukoo uliotawala dola ya Kiislamu karne ya 7 na ya 8), al-Akhtal, jina lake halisi lilikuwa Ghiyath mwana wa Ghauth, na alikuwa Mkristo wa kabila la Taghlib. Waarabu walikuwa na majina ya mvua na uokovu bila kuulizana dini, kama Wanyakyusa walivyokuwa na majina yao kabla ya kanisa wala msikiti. Ghaithi si jina la nabii, si la mwezi wa ibada, na halimtaji Mungu ndani yake. Kwa sababu hiyohiyo, msikubali mtu aliongezee Abdul mbele. Abdul ni mja wa, na hufuatwa na moja ya majina ya Mwenyezi Mungu. Ghaith halimo katika yale majina tisini na tisa.

Hapo pia ndipo ninapoona sababu ya uchache wake kwetu. Majina ya Kiarabu yaliyoenea bara yalikuja kwa makundi: ya manabii (Ibrahimu, Yusufu, Musa), ya Mtume na masahaba (Mohamedi, Athumani, Bakari), ya siku na miezi (Juma, Hamisi, Rajabu, Ramadhani). Ghaith haliko katika kundi lolote kati ya hayo, hivyo halikuwa na msafara wa kulibeba kutoka pwani. Oman na Zanzibar mtalikuta zaidi kama jina la ukoo, al-Ghaithy au el-Gheithy. Iraki, Yordani, Shamu na Falme za Kiarabu ni jina la kawaida la mtoto wa kiume, na msomaji wa magazeti ya nje huenda amemwona mwandishi wa habari wa Iraki, Ghaith Abdul-Ahad. Tunisia huandikwa Ghaïth kwa athari ya Kifaransa. Binti huitwa Ghaitha.

Matamshi ndiyo kazi kubwa, kwa sababu jina zima limesimama juu ya sauti mbili ambazo watu wengi wa bara huziangusha. Wanaosema "gali" kwa ghali na "luga" kwa lugha watasema Gaithi. Wanaosema "hadisi" na "selasini" watasema Ghaisi. Anayeangusha zote mbili atafika Gaiti au Gaisi, na kadi yenu ya kliniki inaonyesha safari hiyo imeshaanza. Kinyakyusa na Kihehe hazina th, kwa hiyo si uzembe wa muuguzi. Sikio huandika sauti iliyo karibu nalo.

Kwa gh, sehemu ya nyuma ya ulimi inapanda karibu na kaakaa laini bila kuligusa, pumzi inapita kwa kukwaruza, kama mtu anayesukutua koo kwa maji kidogo. Mkilifunga koo kabisa, mmetoa g. Kwa th, ncha ya ulimi inatokeza kidogo kati ya meno na pumzi inapita bila sauti ya koo. Wekeni vidole shingoni: mkisema dhahabu, mtahisi mtetemo tangu mwanzo wa neno, mkisema thamani, mtetemo unangoja ile a. Baada ya hapo jina ni jepesi, maana vipande vyake mnavyo tayari. Mwanzo ni ule wa ghaibu na mwisho ni ule wa hadithi. Mkazo uangukie i ya kwanza, gha-I-thi, kama mnavyosema zaidi. Kwa Kiarabu ni silabi moja tu, lakini Kiswahili kinaipa tatu, na hilo ni halali yetu.

Hiyo irabu ya mwisho haikuongezwa ovyo. Jina la Kiarabu linaloishia na konsonanti, likiingia katika Kiswahili, hupata u baada ya konsonanti za midomo (Sefu, Ayubu, Adamu), na mara nyingi i baada ya nyingine (Rashidi, Hasani, Hamisi). Th haitoki midomoni, kwa hiyo ni Ghaithi. Ghaithu haifuati kanuni hiyo. Wazee wa zamani wa pwani pengine wangelivuta hadi Ghethi, kama Sayf alivyokuwa Sefu na khayr ikawa heri, lakini leo Ghethi litawapotezea watu asili yake. Silipendekezi.

Kati ya Ghaith na Ghaithi, zote hazina kosa. Mimi nashauri Ghaithi, na sababu yangu ni ya kikazi kuliko ya kisarufi. Kila atakayemwita mtoto huyu Tukuyu atatamka i mwishoni. Mwalimu wa darasa la kwanza ataandika anachosikia. Mkisajili Ghaith, mtoto atafika mwisho wa shule ya msingi akiwa Ghaithi kwenye orodha ya mtihani, kisha Ghaith kwenye kitambulisho cha taifa, na siku ya kuomba chuo atakuwa watu wawili kwenye karatasi. Kuwaunganisha kunahitaji hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, au hata kubadili jina rasmi. Shemeji yako akishikilia Ghaith, basi mtajie kila karani herufi moja moja, kila mara, kwa miaka yote.

Mtoto husajiliwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na kwa walio chini ya miaka mitano kazi hufanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuingia katika mpango huo, mwaka 2013. Cheti huandikwa kwa mkono palepale, na mwandishi huangalia kadi ya kliniki. Kwa hiyo anzeni na kadi: ombeni "Gaiti" ikatwe na jina sahihi liandikwe kabla hamjaenda kusajili. Nendeni na jina mmeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, msilitaje kwa mdomo tu. Cheti kikishaandikwa, msiondoke kwanza. Herufi ni saba, G-H-A-I-T-H-I, na H ziwe mbili: moja baada ya G, nyingine baada ya T.